Nilizika Viazi vya Mama Mboga Kwa Gunia Langu

Wasee, leo hakuna video. Leo ni kusoma tu, na ni ndefu kidogo, so tafuta chai ukae.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya Julai. Ile niko na hudi nyeusi, dirisha limejaa ukungu, nje ni ile baridi ya Nairobi ya kukufanya uoge na maji ya kikombe. Napasua gunia kwa kisu, waru zinamwagika kwa sakafu ya keja, halafu naangalia kamera na kusema: "Siku 30 tu. Ndani ya bedsita. Bila shamba." Watu zaidi ya 40,000 waliitazama. Komenti zikawa za moto. Mwingine akaandika kwamba hatawahi kununua viazi tena maishani.

Sasa ukweli. Zile waru nilinunua kwa mama mboga wa chini ya ploti yetu. Kilo tano. Nilipanda nazo ngazi jioni, nikazifukia kwa gunia langu, nikanyunyiza maji kidogo udongo ushike vizuri, nikalala. Asubuhi nikawasha kamera nikazifukua. Mama mboga hata aliniuliza, "Kijana wangu, kilo tano peke yako, kwani una wageni?" Nikamwambia eeh, wageni wanakuja. Na kweli walikuja, 40,000.

Gunia lenyewe lilikuwa na mimea ya kweli, hiyo sikudanganya. Lakini chini ya ile mimea hakukuwa na kitu. Siku 30 hazitoshi. Hata Shangi, hii waru ya haraka ambayo karibu kila muuza chips anatumia, inataka kama miezi mitatu.

Najua mtasema ni kontenti tu, kila mtu anafanya. Hata mimi nilijiambia hivyo. Nilijiambia hivyo hadi Septemba, nikapata ujumbe kwa inboksi kutoka kwa msichana wa Juja, mwanafunzi wa chuo. Hakunitusi. Alinitumia picha sita na swali moja: "Nimekosea wapi?"

Kila picha ilikuwa gunia. Magunia sita yamepangwa ukutani, kati ya kitanda na meko. Kutoka kwa kila gunia kulikuwa na mashina marefu, meupe, membamba kama tambi, yameinama kuelekea dirisha moja dogo linaloangalia ukuta wa ploti ya jirani. Alikuwa ametumia shilingi 2,400, pesa yake ya matumizi ya muhula. Alikuwa amepanga kula hizo waru, na zingine awauzie majirani zake wa kolido. Miezi miwili na nusu alikuwa anamwagia maji gunia sita, kwenye ploti ambayo maji huja mara mbili kwa wiki. Alipofukua gunia la kwanza alipata viazi vinne, ukubwa wa gololi.

Na yeye alikuwa anauliza amekosea wapi.

Maze, niliweka simu chini. Kwa sababu jibu lilikuwa rahisi: hakukosea popote. Alifanya kila kitu nilichosema. Kosa lilikuwa kwangu.

Kwa hivyo huu ndio msimamo wangu, na najua wengine hawataupenda. Sisi tunaotengeneza video za "pesa iko hapa" na "chakula kiko hapa" tunapaswa kuonyesha mizani. Si mavuno peke yake. Mizani, tarehe, na risiti. Kama huwezi kuonyesha ulitumia ngapi na ukapata ngapi, usimwambie mtu mwenye 2,400 za mwisho afanye kama wewe.

Naanza na mimi. Hii hapa hesabu yangu ya kweli.

Nilipanda gunia tatu mwanzo wa Juni. Mbegu sikununua. Ilikuwa waru zilizoota kwa kapu chini ya sinki, zile unasahau halafu siku moja unapata zimetoa vidole. Gunia kuukuu tatu, 50 kila moja: 150. Udongo, mifuko mitatu, 150 kila mmoja: 450. Samadi iliyooza vizuri: 200. Jumla 800. Kila gunia niliweka waru tatu.

Gunia la kwanza lilikaa ndani ya keja, kando ya dirisha. La pili nililiweka kwa balkoni, penye jua la asubuhi hadi kama saa nne. La tatu lilikaa juu ya ruufu kando ya tangi za maji, baada ya kumbembeleza keateka wiki nzima.

Nilivuna Septemba, nikapeleka yote kwa mizani ya mama mboga yule yule. Gunia la ndani: gramu 400. La balkoni: gramu 900. La ruufu: kilo 1.9. Jumla kilo 3.2. Wakati huo kwake kilo ilikuwa 100. Yaani nilitumia shilingi 800 kupata waru za shilingi 320. Nilipata hasara ya 480, na hapo sijahesabu maji wala zile kilo tano za uwongo.

Soma hizo namba tena, lakini usiangalie pesa. Angalia mahali gunia lilikaa. Mbegu ni ile ile, udongo ni ule ule, samadi ile ile, mkono wa kumwagilia ni ule ule. Kitu kilichobadilika ni mwanga. Lile la ruufu lilitoa karibu mara tano ya lile la ndani.

Hii ndiyo sehemu ambayo sikuwaambia kwa sababu hata mimi sikuwa naijua. Waru haitengenezwi na udongo. Inatengenezwa na majani. Jani likipata jua linatengeneza sukari, sukari inashuka chini kupitia shina, inawekwa kwa kiazi kama wanga. Hakuna jua, hakuna sukari, hakuna kiazi. Yale mashina meupe ya Juja hayakuwa yanakua. Yalikuwa yanatafuta mwanga. Mmea ukiwa gizani unatumia kila kitu kilichobaki kwa kiazi cha mbegu kurefusha shina. Ukiliona limerefuka unafikiri limeshika, kumbe lina njaa. Na taa ya kawaida ya nyumba haiwezi kuziba hiyo pengo.

Ile wazo lenyewe niliiba kutoka kwa video za majuu. Nina binamu Minnesota, na huko ukiona mtu amepanda waru ndani ya nyumba Januari, ana sababu. Nje ardhi imeganda kama jiwe, na Desemba mchana wao haufiki hata saa tisa za mwanga. Kwa hivyo analeta gunia ndani ya karakana, ananing'iniza taa maalum za mimea juu yake, anaziwasha saa nyingi kila siku, analipa stima. Kwa video unaona gunia na theluji dirishani. Ile taa na ile bili ya stima huwa haziko kwa picha.

Sisi hatuna hiyo shida. Nairobi iko karibu na ikweta, tunapata kama saa 12 za mchana mwaka mzima, hata Julai. Mawingu yako, sawa, jua linafifia, lakini mchana uko. Na ile baridi tunayolia nayo, waru inaipenda. Kiazi kinajijenga vizuri udongo ukiwa baridi kiasi, nyuzi 15 hadi 20 hivi. Joto likipita sana, mmea unaacha kuweka viazi unaweka majani tu. Ndiyo maana waru ya Kenya inatoka Nyandarua, Meru, Molo, kule juu kwenye baridi. Yaani mimi nilichukua mmea unaopenda baridi na unaotaka jua, nikauficha kutoka kwa vyote viwili, halafu nikaita hiyo ujanja wa msimu wa baridi.

Sasa kuhusu shosho wangu.

Shosho analima waru Kinangop. Ndugu yangu mdogo alimwonyesha ile video kwa simu, na mimi nikadhani atacheka. Aliitazama mara mbili kimya. Halafu akauliza, "Hizi zilipandwa lini?" Nikasema mwezi mmoja. Akanirudishia simu. "Waru ya mwezi mmoja haina ngozi ngumu hivi. Hizi ni za kuvunwa zimekomaa. Umenunua wapi?"

Miaka yote shosho ameteswa na lumbesa. Kama hujui lumbesa, ni lile gunia linaloongezwa kofia juu, linashonwa kwa kamba hadi linakuwa gunia na nusu, lakini mkulima analipwa gunia moja. Sheria iko. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Lakini broka akifika na lori na shamba limeiva, na mvua inakuja, wewe mkulima utasema nini? Shosho hushona tu.

Basi aliniangalia akasema, "Hata wewe umekuwa broka. Unawapimia watu na gunia la uwongo."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni ukweli. Broka anamwonyesha mkulima gunia na kumwambia hii ni moja, na ni zaidi. Mimi niliwaonyesha gunia nikasema hii ni kilo tano, na haikuwa hata moja. Tofauti ni kwamba mimi nilishona kofia kwa simu.

Kuna kitu kingine nilitaka kufanya, bahati nzuri alinizuia. Nilikuwa nimebeba waru zangu zilizoota kutoka Nairobi nikapande pembeni ya shamba lake. Alikataa kabisa. Waru ya sokoni inaweza kuwa na ugonjwa wa mnyauko ndani na usiuone kwa macho. Ukiipanda, ugonjwa unaingia kwa udongo na unakaa. Mwaka unaofuata unapanda mbegu safi na bado mimea inanyauka ikiwa kijani. Alinionyesha vile wanapima: unakata kipande cha shina la mmea ulionyauka, unakisimamisha kwa glasi ya maji safi, na kama ni mnyauko unaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwa shina. Kwa hivyo wewe mwenye gunia mjini, panda tu waru ya sokoni kwa gunia lako, lakini usimpelekee nyanya yako kijijini, na usimwage udongo wa hilo gunia kwa shamba la mtu.

Na kabla sijasahau, hii ni muhimu kuliko yote, kwa sababu kwa komenti niliona mtu akisema zilizoota "unapika tu". Pole pole. Kama waru bado ni ngumu na imetoa vijicho vidogo, kata hivyo vijicho na sehemu ya karibu, menya vizuri, kula. Lakini kama imekuwa kijani, au imejikunja na kulegea, au imetoa vidole virefu, au ukionja ni chungu, usile. Ina sumu ya kukuumiza tumbo na kukutapisha, na kuichemsha hakuiondoi. Rangi ya kijani yenyewe si sumu, ni alama tu kwamba waru imekaa kwa mwanga, na mwanga huo huo huongeza sumu. Majani na yale matunda madogo kama nyanya pia yana sumu, kwa hivyo kama keja ina mtoto, angalia. Waru ya kijani ni ya kupanda, si ya sufuria. Najua mwisho wa mwezi inauma kutupa chakula. Tumbo likikushika usiku bila pesa ya hospitali inauma zaidi.

Sasa, nimesema watu wasipande? Hapana. Hapo ndipo sikubaliani na marafiki zangu walioniambia nifute kila kitu nirudi kwa vichekesho. Watu wamelima kwa magunia hii Nairobi miaka mingi. Enda Kibra uone sukuma imetoka kwa ubavu wa gunia kila upande, mlangoni kabisa. Gunia si uwongo. Uwongo ni ahadi tuliyoshona juu yake.

Kwa hivyo kama unataka, fanya hivi, na utarajie kidogo.

Anza na gunia moja. Moja, si sita. Chukua waru tatu zilizoota, ziweke kwanza mahali penye mwanga wiki moja au mbili, vidole viwe vifupi, vinene, vya rangi ya kijani au zambarau. Vile virefu vyeupe vya gizani huvunjika ukivigusa. Toboa gunia chini maji yatoke. Likunje liwe fupi, weka udongo na samadi kama sentimita 15, laza waru macho yakiangalia juu, funika na sentimita 10. Mashina yakifika kama sentimita 20, kunjua gunia ongeza udongo, uache majani ya juu nje. Rudia mara moja au mbili, inatosha. Usiamini wale wa kujaza gunia hadi kifuani wakisema kila ghorofa itazaa. Waru nyingi za kukomaa haraka huweka viazi karibu na kile cha mbegu. Udongo unaongeza ili viazi visipigwe na jua vikawa kijani, si ili ujenge ploti ya waru.

Weka gunia penye jua la angalau saa sita. Kama keja yako haina hapo mahali, na huna ruufu, na balkoni ni ya mwenyewe, basi usipande waru. Sio aibu. Panda dhania au vitunguu vya majani, hivyo huvumilia mwanga mdogo na unavikata kidogo kidogo. Mimi sai lile gunia la ndani lina dhania. La ruufu nimeweka sukuma, kwa sababu si vizuri kurudia waru kwa udongo ule ule. Udongo na gunia nilishalipia, kwa hivyo huenda zile 480 zikarudi polepole kwa sukuma. Nikishapima nitawaonyesha mizani.

Mwagia maji udongo uwe na unyevu, si matope. Na ukiona mabaka meusi kwa majani siku za baridi na ukungu, kata hayo majani haraka uyatoe hapo. Ule ni ugonjwa mbaya, ndio ulioangamiza waru za Ireland kuanzia 1845, na watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa. Majani yakikauka yenyewe baada ya miezi mitatu, fukua. Utapata kilo moja, au mbili kama una bahati na jua. Utapika mara mbili tatu, utajisikia poa sana, na utaelewa kwa nini mama mboga anastahili ile 100 yake bila kupunguziwa.

Sasa, yule msichana. Nilimwandikia kila kitu nilichowaandikia nyinyi hapa. Nikamtumia zile 2,400 kwa M-Pesa, mara mbili kwa sababu sikuwa nazo zote. Alikaa siku mbili bila kujibu. Halafu akajibu: "Pesa nimeona, asante. Lakini ungesema tu ukweli ningepanda sukuma."

Ni hayo tu aliyosema. Na nikafikiria, kuna wengine wangapi kati ya wale 40,000 ambao walifukua gololi na hawakuuliza? Walisema tu mkono wao si wa kulima, wakatupa gunia kwa takataka. Hao siwezi kuwarudishia.

Ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake, kwa herufi kubwa, kwamba waru zilikuwa za mama mboga, na nimeweka hizi hesabu kwa komenti ya kwanza. Nikiifuta nitakuwa nimeficha ushahidi tu.

Kama ulipanda kwa sababu yangu, niandikie. Niambie gunia lako lilikaa wapi, na lilitoa nini kwa mizani. Hata kama ni viazi vinne.